Madhabahu za Jua si ushahidi wa kesi ya Krismasi

Novemba 2026 Makumbusho ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh yamepanga kufungua maonyesho kuhusu maisha katika mpaka wa kaskazini wa Dola la Roma, na miongoni mwa vitu vitakavyowavuta watu ni madhabahu mbili za mawe zilizofukuliwa Inveresk, karibu na mji wa Musselburgh, mwaka 2010, wakati eneo likiandaliwa kwa jengo la klabu ya kriketi. Moja ina uso wa Sol, mungu wa jua wa Warumi. Macho, mdomo na miali ya taji lake vimetobolewa mpaka upande wa pili, na nyuma yake jiwe limekombwa ili taa iwekwe humo na mwanga upenye gizani kupitia uso wa mungu. Juu yake vimechongwa vichwa vinne vya wanawake, yaani majira manne ya mwaka. Ya pili ni ya Mithras, mungu anayeonyeshwa akichinja fahali, aliyeabudiwa katika vyumba vya giza. Zote mbili zina jina la mtu mmoja, Gaius Cassius Flavianus, akida wa jeshi la Roma aliyehudumu huko katikati ya karne ya 2. Habari za namna hii zinapotoka, mazungumzo huelekea kulekule: eti huu ndio ushahidi wa ile dini kuu ya Jua iliyotoka Mashariki, ikaenezwa na jeshi, ikawa dini ya makaisari, kisha Ukristo ukaiibia sikukuu ya Desemba 25. Karibu kila hatua ya simulizi hiyo ina kasoro, na inayoumia zaidi ni historia ya watu waliozilipia madhabahu zenyewe.

Ninachodai ni hiki. Madhabahu za Jua zilizotapakaa majimboni, kuanzia Uskoti hadi Nubia, ni kumbukumbu za nadhiri. Kila moja inahusu mtu fulani, mahali fulani, na haja yake mwenyewe. Ukizisoma hivyo huioni dini moja yenye makao makuu na mafundisho yaliyotumwa kwa barua kutoka Roma. Unaona watu wa asili mbalimbali wakilitazama jua lile lile na kuliita kwa majina waliyoyarithi au waliyoyaokota njiani, na unaona makaisari wakiingia katika habari hiyo wakiwa wamechelewa, tena sana.

Msomaji aliyelelewa msikitini au kanisani hahitaji somo refu kuhusu nadhiri. Mtu yuko hatarini, anaumwa, anasafiri au anasubiri cheo. Anamwambia Mungu, nikivuka hapa nitakufanyia kadha wa kadha. Akivuka, deni limeiva. Warumi waliutendea mpango huo kwa umakini wa kisheria. Ahadi ilitamkwa kwa maneno, na ilipotimizwa iliandikwa kwenye jiwe ili mungu, majirani na wapita njia wajue kwamba fulani hadaiwi. Ndiyo maana maelfu ya madhabahu huishia na herufi nne, V S L M, ufupisho wa maneno ya Kilatini yanayosema kwamba mhusika ameitimiza nadhiri yake kwa moyo mkunjufu, kama ilivyostahili. Jiwe lenyewe kwa kawaida halikuwa kubwa. Juu lilikuwa na kibakuli cha kufukizia ubani au kumiminia divai, mbele maandishi, na ubavuni mara nyingi mtungi na sahani ya sadaka. Halikuwekwa kutangaza imani kwa wasioamini. Mpiganaji aliyetoka salama hakuwa akijibu swali la dini ipi ni ya kweli. Alikuwa akilipa.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Roma kwenyewe. Mwaka 158 Publius Aelius Amandus, askari wa kikosi cha wapanda farasi waliomlinda kaisari, kikosi kilichokusanya vijana wake majimboni, alistaafu kwa heshima. Aliweka jiwe kwa Jua Lisiloshindwa, Sol Invictus, na humo akaeleza kwamba alikuwa ameweka nadhiri na sasa, akiwa ameruhusiwa kutoka jeshini, anaiondoa. Hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa zenye tarehe za jina hilo, Sol Invictus. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 160, kikosi cha lejioni ya 6 kilichokuwa Corbridge, kusini kidogo ya Ukuta wa Hadrian, boma la Warumi kaskazini mwa Uingereza, kiliandika jina hilo hilo kwenye jiwe chini ya usimamizi wa liwali Sextus Calpurnius Agricola. Sasa weka tarehe hizo kando ya zile zinazotajwa katika simulizi maarufu. Kaisari Elagabalus, aliyemleta Roma mungu wa mji wake wa Emesa huko Shamu, alitawala kuanzia 218 hadi 222. Kaisari Aurelian alijenga hekalu kubwa la Jua mwaka 274. Wale askari wa Corbridge walikuwa wamekufa zamani. Tena jiwe lao lina kovu: mstari wa kwanza, wenye jina la mungu, ulichongolewa baadaye, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba yalikuwa matokeo ya kuanguka kwa Elagabalus, pale jina la Jua Lisiloshindwa lilipokuja kunuka siasa. Jina lililokuwa la kawaida kwa askari liligeuka kuwa la hatari kwa sababu kaisari mmoja alilishika kwa mikono miwili.

Nikiulizwa ni wapi mambo haya yanaonekana kwa undani zaidi, sitamwelekeza mtu Uskoti wala Roma. Nitamwelekeza barani Afrika, Talmis, mahali panapojulikana leo kama Kalabsha, kwenye ukingo wa Nile kusini ya Aswan. Hapo palikuwa na hekalu la Mandulis, mungu wa Wanubi wa eneo hilo, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Roma nchini Misri. (Hekalu lenyewe lilihamishwa jiwe kwa jiwe mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili lisimezwe na maji ya Bwawa Kuu la Aswan.) Askari wa ngome ya hapo, watu waliotoka mbali, walichonga ukutani kwa Kigiriki sala na heshima zao kwa Mandulis, wakitaja ndugu na marafiki wanaowaombea. Lakini kuna andiko moja linalopita mengine yote. Mwandishi anamwambia Mandulis kwamba ameona dalili za nguvu zake, akatafakari, akataka kujua kwa hakika kama yeye ndiye Jua. Akajitenga na uovu, akajizuia kwa muda mrefu, akafukiza ubani inavyopasa. Kisha akapata maono: akamwona mungu akisafiri angani, akioga katika maji matakatifu, akichomoza tena. Hapo ndipo alipojua kwamba Mandulis ni Jua, bwana anayeona yote.

Fikiria maana yake. Huyu ni mtu aliyefika ugenini, akamkuta mungu wa wenyeji, na badala ya kumbandika jina la Kirumi akamuuliza. Jibu hakulipata kwa kuhani wa Roma wala kwa amri ya kaisari. Alilipata kwa kujizuia, kwa ubani, na kwa kukaa katika nyumba ya mungu wa Wanubi akisubiri. Kama ingekuwepo dini moja ya Jua yenye mafundisho yanayojulikana dola nzima, swali lake lisingekuwa na maana. Aliuliza kwa sababu uhusiano kati ya mungu wa mahali na jua la wote ulikuwa jambo la kuchunguzwa, na kila mtu alilichunguza pale alipokuwa.

Kuna hoja nzito dhidi yangu. Inasema kwamba nadhiri za watu binafsi ni upande mmoja tu, na kwamba dola ililitumia jua kama chombo cha utii. Ushahidi wake ni wa kweli. Alto da Vigia, kilima kinachotazama Atlantiki karibu na Sintra nchini Ureno, palikuwa na mahali patakatifu pa Jua na Mwezi. Mawe yake yalichorwa na msanii Mreno Francisco de Holanda katika karne ya 16, na wachimbaji wa karne hii wamefukua mengine. Waliotoa humo walikuwa maliwali na maofisa wa kaisari, na kilichoombewa ni umilele wa dola na afya ya kaisari Septimius Severus na nyumba yake. Mahali penyewe pamechaguliwa kwa akili: hapo ndipo nchi inapoisha na jua linazama baharini kila jioni, likirudi kila asubuhi kutoka upande wa pili wa dola. (Karne nyingi baadaye Waislamu walijenga hapo hapo ribati, ngome ya ibada, yenye mihrabu, watu hawakuacha kusali kwenye kilima kile.) Tena mwaka 308, viongozi wa dola Diocletian, Galerius na Licinius walipokutana Carnuntum, katika Austria ya leo, kusuluhisha mgogoro wa madaraka, walikarabati hekalu la Mithras, mungu Jua Asiyeshindwa, na kumwita mlinzi wa dola yao.

Hoja hiyo naikubali nusu. Bila shaka watawala walilipenda jua, kwa kuwa linaonekana na kila raia na halina taifa. Lakini angalia nani anamfuata nani. Hekalu la Carnuntum lilikuwa limechakaa tayari walipofika. Walikarabati kitu ambacho askari na wafanyabiashara wa mpakani walikuwa wamekijenga na kukitumia kabla yao. Na tukitaka kujua jeshi kama taasisi liliadhimisha nini, tunayo karatasi yake: kalenda ya sikukuu ya kikosi cha Wapalmyra, watu wa mji wa Palmyra huko Shamu, kilichokuwa Dura-Europos, kwenye mto Frati, ya miaka ya 220. Imejaa siku za kuzaliwa za makaisari, miungu ya Roma kama Jupiter, Mars na Vesta, na sikukuu za kale za mji wa Roma. Katika sehemu iliyosalia Mithras hayumo. Ila katika mji huo huo palikuwa na hekalu dogo la Mithras, na sanamu zake mbili za mwanzo zilitolewa na makamanda wa wapiga mishale wa Palmyra, mwaka 168 na miaka michache baadaye. Kilichoagizwa na jeshi kilikuwa kitu kimoja, na walichokifanya watu wa jeshi kwa fedha zao kilikuwa kingine. Valerius Maximianus, jemadari mzaliwa wa Poetovio katika Slovenia ya leo, alimwekea Mithras jiwe alipokuwa Apulum nchini Romania, na jingine alipohamishiwa Lambaesis, Algeria. Hakuna aliyemtuma kueneza kitu. Alihama na mungu wake.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema jua hili ni la Shamu, kwamba Warumi wenyewe hawakulijali mpaka Mashariki ilipowafundisha. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa kauli ya wasomi wengi, na bado inarudiwa. Inasahau kwamba Sol alikuwa na mahali pake kwenye kilima cha Quirinal na hekalu katika uwanja wa mbio wa Circus Maximus, na sikukuu zake za kale ziko Agosti katika kalenda za mji huo, muda mrefu kabla ya Elagabalus. Lakini kinyume chake pia si kweli, kwamba Shamu haikuchangia. Katika Makumbusho ya Capitolini kuna madhabahu ya karne ya 1 iliyotolewa na Tiberius Claudius Felix, mkewe Claudia Helpis na mwana wao Alypus, watu wa maghala ya Galba mjini Roma. Kwa Kilatini imetolewa kwa Jua Takatifu Kabisa. Kwa lugha ya Palmyra, kwenye jiwe hilo hilo, imetolewa kwa Malakbel, mungu wa jua wa huko, na miungu ya Palmyra. Familia hiyo haikuona haja ya kuchagua. Ilijua majirani zake Warumi wataelewa nini, na ilijua jamaa zake wataelewa nini, na yote mawili ilimaanisha kwa dhati. Anayeuliza kama mungu huyo alikuwa wa Mashariki au wa Magharibi anawauliza swali ambalo wao walikwisha kulikataa.

Flavianus wa Inveresk naye alikataa jambo kama hilo. Katika mawe mengine Mithras anaitwa moja kwa moja Mungu Jua Asiyeshindwa Mithras, kama kwenye madhabahu ya Housesteads, ngome ya Ukuta wa Hadrian, ya mwaka 252, iliyowekwa na Publicius Proculinus kwa ajili yake na mwanawe. Kwenye michoro ya mahekalu hayo, hata hivyo, Jua na Mithras ni wawili: wanapeana mikono, wanakula pamoja juu ya ngozi ya fahali. Kwa hiyo akida huyu aliweka madhabahu mbili, kila mmoja na yake. Na ule ufundi wa taa haukuwa wake peke yake. Carrawburgh, kwenye Ukuta wa Hadrian, kamanda Marcus Simplicius Simplex alitoa madhabahu yenye sura ya mungu ambaye miali ya taji lake imetobolewa vivyo hivyo, ndani ya chumba kisicho na dirisha, ambamo wachimbaji walikuta mabaki ya matunda ya msonobari yaliyochomwa kwa ajili ya harufu. Mtu aliyeingia humo usiku wa baridi wa kaskazini aliona jua likimtazama kutoka kwenye jiwe. Hilo linanigusa kuliko nadharia yoyote kuhusu sera za dini.

Inabaki hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa zaidi: kwamba Mithras alizaliwa na bikira Desemba 25, akawa na wanafunzi 12, akafa na kufufuka, na Wakristo wakanakili. Nasema wazi: hayo hayamo katika ushahidi. Mithras huzaliwa kutoka kwenye mwamba, akiwa kijana tayari, na mkononi ameshika kisu na mwenge. Housesteads anaonyeshwa akitoka katikati ya duara la nyota. Wale “wanafunzi” 12 ni alama za zodiaki. Hakuna andiko la kale linalompa siku ya kuzaliwa ya Desemba 25. Kifo na ufufuo wake havionekani kwenye sanamu yoyote. Anayekufa ni fahali. Kufanana kwa kweli kulikuwepo katika jambo moja, na Wakristo wenyewe walilitaja: katikati ya karne ya 2 Justin Shahidi alilalamika kwamba wafuasi wa Mithras wanatumia mkate na kikombe cha maji katika ibada zao. Lakini mlo wa pamoja mbele ya mungu ulikuwa desturi ya karibu kila dini ya wakati huo, hivyo hauthibitishi wizi wa upande wowote.

Tarehe yenyewe ya Desemba 25 ni suala jingine, na hapa sitajifanya kwamba hakuna kitu. Katika kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354, siku hiyo imeandikwa kuwa siku ya kuzaliwa ya “Asiyeshindwa”, na mbio 30 za magari ya farasi. Mkusanyo huo huo unaiweka kuzaliwa kwa Kristo siku hiyo hiyo. Wapo wanaoona hapo Kanisa likichukua sikukuu ya wapagani. Wapo wanaoona Wakristo wakihesabu miezi tisa kutoka Machi 25, siku waliyoihesabu kuwa ya kutungwa mimba kwa Kristo. Ninachoona mimi ni kwamba kalenda hiyo ina siku nyingine za Jua zenye uzito usiopungua: Oktoba 22 pekee ina mbio 36. Kama Kanisa lilitafuta sikukuu kubwa ya Jua ili liimeze, liliiacha iliyo kubwa zaidi. Na jambo la msingi kwa mada yetu: madhabahu za majimboni haziwezi kuamua ubishi huu. Wale waliozitoa hawakuandika chochote kuhusu Desemba, na wengi wao walikufa zaidi ya miaka 100 kabla ya kalenda hiyo.

Mawe haya yana upungufu wake pia. Yanatuletea sauti za waliokuwa na fedha ya kumlipa mchongaji na nafasi ya kuwa na jina linalosomeka: maakida, makamanda, maliwali. Mara chache anatokea mtu kama Herion wa Housesteads, aliyemwandikia Jua maneno machache bila kutaja cheo chochote. Mahekalu ya Mithras yalikuwa ya wanaume, hivyo Claudia Helpis ana thamani ya pekee kwetu. Wakulima wa Uskoti walioishi nje ya ngome hawasikiki kabisa, na sitaki mtu atoke Edinburgh akidhani ameiona dini ya Uskoti.

Ndiyo maana maelezo yatakayobandikwa ukutani yana uzito kuliko taa zitakazowashwa. Makumbusho yakiwasha mwanga nyuma ya uso wa Sol, na hakuna atakayewalaumu kwa hilo, watu watapiga picha, na picha itasafiri mpaka kwenye simu za Dar es Salaam na Mombasa. Huku kwetu itaangukia mijadala miwili iliyokwisha kupamba moto: ule wa Krismasi kila Desemba, na ule wa Sabato dhidi ya Jumapili, ambao upande mmoja huitaja amri ya kaisari Konstantino ya mwaka 321 ya kupumzika siku ya Jua, yaani Jumapili, kama mwanzo wa kila kitu. Kila mmoja ana haki ya kushika siku yake na kuitetea kwa maandiko yake. Lakini amri ya 321 ilitumia jina ambalo siku hiyo ilikuwa nalo tayari miongoni mwa watu wa dola, na Wakristo walikuwa wakikutana siku hiyo tangu enzi za Justin, ambaye mwenyewe anaiita siku ya Jua. Flavianus hawezi kuitwa kutoa ushahidi kwa upande wowote. Amandus naye hawezi. Alimaliza utumishi wake, akailipa nadhiri yake, na kaisari Aurelian alikuja kulifungua hekalu la Jua miaka 116 baadaye.